Somo: Bahari ikishaingia bondeni, tupange vipi miaka mitano

Assalamu alaikum ndugu zangu. Dhoruba ya Aprili 1872 iling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na mkarafuu mpya hukaa takriban miaka 6 hadi 8 ndipo uzae. Nalitaja hili kwa sababu bahari ikivunja tuta na kuingia kwenye mabonde ya mpunga huku Pemba, tunapanga ya wiki mbili tu, ilhali kupona kwa konde, kama kwa mkarafuu, ni kwa miaka.

Hatua ya 1: Kikao cha shehia, kabla ya jembe. Sheha, mkuu wa shehia, awepo, lakini waanze kusema wanaolima, na wengi wao ni akina mama. Andikeni kila konde: la nani, maji yalifika wapi, yalilala siku ngapi.

Hatua ya 2: Tuta. Lijengeni siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, msingoje bamvua, yaani maji makubwa, liwakute. Liachieni mlango wa kutolea maji.

Hatua ya 3: Kutoa chumvi. Hapa ndipo watu huchoka mapema, na inaniuma. Masika ikinyesha, zuieni maji ya mvua kondeni yalale, kisha yatoeni bahari ikishakupwa. Rudieni, na rudieni tena. Mkifungua bahari ikiwa imejaa, mmeirudisha chumvi wenyewe. Mpunga huumia zaidi ukiwa mchanga na unapochanua, kwa hiyo konde la kijani laweza kuwapa makapi matupu. Mwiteni bwana shamba apime udongo kabla ya kumwaga mbegu.

Hatua ya 4: Mikoko, ya kukinga tuta. Aina zake hazikai pamoja: mlilana hukaa mbele kwa bahari, mkoko wenyewe penye tope, mchu hustahamili penye chumvi kali.

Hatua ya 5: Kila mavuno, mtenge kidogo cha kukarabati tuta.

MASWALI

Micheweni: Maalim, tulipanda mikoko siku moja, watu tele, yote ikafa. Tulikosea wapi?

Jibu: Angalieni kama mlipanda kwenye mchanga unaopigwa na mawimbi, mche hausimami hapo. Tafuteni inapoota yenyewe, muanzie hapo. Kama kuna mkondo ulioziba, uzibueni kwanza, mbegu nyingine zitaletwa na maji.

Kisiwa Panza: Tuta jipya limepita, konde langu limebaki nje. Mimi ndio basi?

Jibu: Hapana, mama. Kwa ajili yako ndiyo nikaweka kikao kabla ya tuta. Dai konde la ndani, liandikwe daftarini msimu huu huu, na uende na majirani wawili wanaojua mpaka wako.