Jinsi ya kujenga jamii yenye afya kuanzia rohoni

Watu wengi wanaanza na sheria, adhabu na kamati, halafu wanashangaa mbona hakuna anayejali. Anzeni na moyo. Kaeni pamoja, wa dini zote na hata asiye na dini, mkubaliane mambo mawili matatu mnayoyaamini kweli, mfano ukweli na huruma, maana ile kanuni ya kumtendea mwenzako unavyotaka utendewe ipo kwenye dini karibu zote kwa hiyo hapo hamtagombana sana.

Kazi ngumu ndo inakuja sasa, kila neno liwe tendo. Mkisema huruma, nani anamtembelea mgonjwa wiki hii? Mkisema ukweli, basi hesabu za michango zisomwe mbele ya wote na kiongozi awe wa kwanza kukaguliwa, hili msiliruke kabisa. Gandhi, yule mpigania uhuru wa India, mwaka 1930 hakuishia kuhutubia kupinga sheria ya Waingereza ya chumvi, alitembea kwa miguu siku 24 mpaka baharini na watu wakamfuata.

Mtu akikosea msikimbilie kumfukuza, mwiteni, aliyeumizwa aongee kwanza, kisha mkosaji arekebishe alichoharibu. Na mkitaka kujua kama mnaendelea vizuri, waulizeni wanyonge wenu, wenyewe, sio wasemaji wao.