Kupima PFAS kwenye maji ya bomba hapa Mbeya: shida iko kwenye kuchota

Kwanza kabisa jamani, kile kifaa cha TDS cha kuchovya kwenye glasi, kinachopima chumvi zilizoyeyuka, hakioni PFAS, na vipimo vya kawaida vya maji, vya bakteria, floraidi na chumvi, navyo havigusi huko kabisa, hata maji yawe meupe vipi yanatoka mlimani. PFAS ndo zile kemikali za sufuria zisizoshika, makoti ya mvua na povu la zimamoto la kuzimia moto wa mafuta hazina harufu, na ukichemsha hazitoki, maji ndo yanapungua zenyewe zinabaki.

Kinachotafutwa ni kidogo mno. Mwaka 2024 Marekani waliweka mwisho nanogramu 4 kwa lita kwa PFOA, na PFOS vilevile (hizi ni aina mbili za PFAS), yaani kama kijiko cha chai cha sukari kwenye simtenki milioni moja za lita 1,000. Sampo ikishachafuliwa na mkono wako hakuna mashine itakayoiokoa.

Kwa hiyo usichote hata tone kabla hujapata maabara. Anzia kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ofisi ya kanda iko hapahapa Mbeya, uliza kama wanapima PFAS kwa LC-MS/MS (mashine inayotenganisha kemikali na kuzipima hata zikiwa kidogo mno), kwa njia ya 533 au 537.1 (za shirika la mazingira la Marekani, EPA), na wanaona mpaka nanogramu ngapi. Kama hawapimi waombe wakuelekeze, na kama sampo inaenda nje hesabu siku mapema, maana njia ya 537.1 inataka maabara ianze kuichakata ndani ya siku 14 tu (533 wanakupa 28), basi la Dar na vibali vyote vimo humo humo. Chupa chukua kwao, ni za plastiki maalumu na ndani zina dawa ya kutuliza klorini, usizisuuze. Chupa ya maji ya dukani hapana.

Mamlaka ya maji washirikishe, bila wao hufiki kwenye chanzo. Chota chanzoni, baada ya kutibiwa, na kwenye bomba la mwisho wa laini, halafu ongeza visima vilivyo karibu na viwanja vya ndege (Songwe, ule wa zamani mjini, Nduli kwa watu wa Iringa), depo za mafuta na dampo. Sisemi huko kuna sumu, ila nchi nyingi zilizopima zimeikuta sehemu kama hizo.

Siku ya kuchota sasa. Baridi yetu hii na mvua, mtu anatoka na koti lisilopitisha maji na losheni mkononi. Acha vyote, vaa pamba iliyofuliwa sana, glavu za naitraili, na bomba lenye ile tepu nyeupe ya mafundi liruke, tepu yenyewe ni Teflon. Fungulia kama dakika 5 mpaka ubaridi utulie, jaza bila kugusa mdomo wa chupa, funga, tikisa. Palepale mimina maji safi ya maabara kwenye chupa tupu waliyokupa, hiyo ndo shahidi wako, ikikutwa na PFAS uchafu mmeuleta nyinyi wenyewe. Pakia na barafu ya maji kwenye mifuko, siyo zile pakiti za jeli.

Majibu yakija juu, rudia sampo kwanza, kisha ripoti nzima ipelekwe mamlaka ya maji na serikali ya mtaa kwa maandishi, na wakati mnasubiri chujio linalosaidia nyumbani ni la RO (linalosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba sana) au la mkaa maalumu unaobadilishwa kwa wakati, mkaa wa jikoni hausaidii.