Ganzi ya epidura: hesabu kwanza, kisha mililita tano tano

Kabla hujavunja ampuli ya ganzi ya epidura, ile inayochomwa mgongoni nje ya utando wa uti, mpandishe mgonjwa kwenye mizani. Wa rufaa kutoka Kondoa au Mpwapwa anaweza kufika tiata (chumba cha upasuaji) Dodoma faili lake likiwa na uzito wa kukadiria tu, na hapo ndipo hesabu huharibika. Dawa za ganzi hapa ni mbili. Bupivakaini isizidi miligramu 2 kwa kilo. Lidokaini yenye adrenalini isizidi 7. Bupivakaini ya asilimia 0.5 ni miligramu 5 katika kila mililita, kwa hiyo mwenye kilo 60 mwisho wake ni miligramu 120, yaani mililita 24. Ukichanganya dawa hizi mbili, sumu zake hujumlishwa. Usimpe kila moja hadi kikomo chake.

Soma ampuli kwa sauti. Bupivakaini nzito, ile yenye sukari, ni ya spaino, yaani ganzi inayochomwa ndani ya maji ya uti wa mgongo. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, isikae droo moja na ganzi: baadhi ya ampuli zake hufanana mno na za bupivakaini, na ikiingia kwenye maji ya uti wa mgongo huleta degedege na hata kifo.

Kateta, mrija mwembamba wa kupitishia dawa mgongoni, ikishakaa, nyonya taratibu kwa sirinji. Isiporudi damu wala maji, bado usiiamini. Toa dozi ya jaribio: mililita 3 za lidokaini asilimia 1.5 yenye adrenalini 1:200,000, macho kwenye monita. Mapigo yakiongezeka 20 ndani ya dakika moja, shuku kateta imo ndani ya mshipa wa damu. Miguu ikilegea ndani ya dakika tano, dawa imeingia kwenye maji ya uti. Mama mwenye uchungu huvuruga jaribio hili, maana maumivu yenyewe hupandisha mapigo. Mchome uchungu ukiwa umetulia.

Dozi yenyewe mpe mililita 5 kila baada ya dakika tatu hadi tano, ukinyonya kila mara na kuzungumza naye. Akisema midomo inakufa ganzi, masikio yanavuma au anasikia ladha ya chuma, acha hapo hapo. Oksijeni, ita wenzako, kisha lipidi (mafuta ya kuchoma mshipani) ya asilimia 20, mililita 1.5 kwa kilo ndani ya dakika moja, ikifuatiwa na dripu yake. Tiata isiyo na lipidi, lidokaini ni chaguo la busara zaidi. Bupivakaini huung'ang'ania moyo.

Bupivakaini huchukua dakika 15 hadi 20 au zaidi kushika, hata daktari wa upasuaji akikosa subira. Pima ubaridi kwa pamba yenye spiriti, pande zote mbili. Kwa upasuaji wa kujifungua ganzi ifike usawa wa chuchu. Upande mmoja ukibaki na hisia, vuta kateta nje sentimita moja hivi kabla ya kuongeza dawa.