Kutunga na Kufumbua Fumbo la Jiokeshi: Mfano wa Mji Mkongwe

Jiokeshi, mchezo wa kusaka kopo lililofichwa kwa kufuata nambari za mahali lilipo, ulianza tarehe 3 Mei 2000, siku moja baada ya Marekani kuondoa upotoshaji iliokuwa ikiutia makusudi katika GPS ya kiraia (mfumo wa setilaiti unaoonyesha mahali ulipo), pale mtu mmoja alipoficha ndoo huko Oregon na kutangaza latitudo na longitudo yake kwenye intaneti. Katika jiokeshi ya fumbo nambari hizo hazitolewi wazi, bali msakaji huzifumbua kwanza, ndipo atoke nyumbani.

Anza na mahali, fumbo lifuate. Ukitaka kuficha kopo Mji Mkongwe wa Zanzibar, omba ruhusa ya mwenye mahali, usichimbe wala kung'oa jiwe, kisha pima siku tofauti, kwa kuwa kuta ndefu za vichochoroni huipotosha GPS. Chukulia kwamba umepata S 06° 09.751 (latitudo, kusini) na E 039° 11.380 (longitudo, mashariki). Kosa la 1 katika tarakimu ya mwisho humpoteza msakaji takriban mita 2, ya kati mita 18, na ya kwanza baada ya nukta mita 185.

Fumbo tamu, kwa maoni yangu, hutoka katika lugha ya hapo hapo. Nitaficha tarakimu tatu tu zilizo baada ya nukta, nyingine nizitoe wazi. Za latitudo nitazificha katika saa ya Kiswahili: "Bibi alitoka saa moja asubuhi, akarudi saa kumi na moja jioni, akapitiwa na usingizi saa saba usiku." Akrabu fupi ya saa huonyesha 7, 5 na 1. Sifuri haimo usoni mwa saa, hivyo za longitudo nazihamishia kwenye kinyume, ule mchezo wa zamani wa kutanguliza silabi ya mwisho: "Panda tuta, nena, kisha risifu." Tatu, nane, sifuri.

Msakaji naye aanze kwa kuhesabu: nafasi tupu za latitudo ni tatu, na nyakati katika kisa ni tatu. Akizisoma kama zilivyotamkwa, saa moja itampa 1 badala ya 7 na kumtupa zaidi ya kilomita moja kaskazini, baharini. Lakini kumi na moja haiwezi kuwa tarakimu moja, na hapo ndipo mwerevu hushtuka. Vivyo hivyo "risifu", inayofanana na kosa la uchapaji, ndiyo mlango wa sentensi nzima, kwa hiyo neno lililokaa vibaya lisisahihishwe haraka.

Mtungaji aongeze kithibitisho, kwa mfano kwamba jumla ya tarakimu sita ni 24, kisha ampe fumbo mtu asiyelijua na akae kimya akimtazama. Akikwama kwa sababu ufunguo haumo ndani ya maneno, fumbo ndilo lirekebishwe.

Kopo liwe lisilopitisha maji, na daftari la majina liambatane na penseli, maana wino huyeyuka masika yakianza.