Kupachika neno la kukisia kwenye fumbo la Enigma, kwa penseli tu

Mpwa wangu aliniletea zoezi la Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuficha ujumbe wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akitaka kujua Waingereza pale Bletchley Park, kituo chao cha kuvunja misimbo, walianzia wapi. Walianzia kwenye kukisia. Programu za mtandaoni achana nazo. Zitakupa jibu na utabaki hujui kitu. Chukua daftari la hesabu lenye miraba, penseli na raba.

1. Kisia neno. Vituo vya hali ya hewa vya Wajerumani vilituma taarifa kila siku kwa saa zilezile, basi anza na WETTER, yaani hali ya hewa. Mazoea ya mtumaji ndiyo mlango. (Hata Kilindini, Mombasa, mwaka 1942, msimbo wa meli za biashara za Japani ulivunjwa baada ya ujumbe uleule kutumwa mara mbili.)

2. Andika fumbo, herufi moja kila mraba: JXTEQRWTKE. Neno liandike kwenye ukanda wa karatasi.

3. Sogeza ukanda. Enigma haikuweza kamwe kugeuza herufi kuwa yenyewe, kwa sababu ya kiakisi chake, kipande kilichorudisha umeme kwa njia nyingine. Kwa hiyo herufi ya ukanda ikikutana na pacha wake, nafasi hiyo imekufa. Hesabu nafasi kwa mraba ambapo ukanda unaanzia: hapa ya 1 inakufa kwa T, ya 3 kwa E, ya 5 kwa T. Zinabaki 2 na 4.

Sasa shimo nililotumbukia mimi. Jioni nzima nilisogeza WETTERBERICHT, yaani taarifa ya hali ya hewa, kwenye fumbo jingine refu, nafasi zote zikafa. Nikamlaumu mtoto wa watu kwamba kanakili vibaya. Kumbe jeshi la nchi kavu la Ujerumani liliandika Q badala ya CH! Neno ni WETTERBERIQT, herufi 12 wala si 13, na kuanzia C nilikuwa nalinganisha vitu visivyohusiana. Tena hawakuacha nafasi kati ya maneno, X ilikuwa nukta, na tarakimu ziliandikwa kwa maneno: 1 ni EINS. Wala usifupishe neno ukidhani unarahisisha kazi. Neno la herufi 12 huua takriban nafasi 4 katika kila 10. La herufi 24 huua 6.

4. Rudi kwenye fumbo letu, uchore mistari ya nafasi ya 4, kila mmoja ukiunga herufi ya ukanda na ya fumbo inayokutana nayo: W-E, E-Q, T-R, T-W, E-T, R-K. Umeona W, E na T zimefunga kitanzi? Vitanzi hivyo ndivyo vilivyoiwezesha Bombe, mashine ya Alan Turing, kutupa mipangilio ya Enigma isiyowezekana. Nafasi ya 2 ina kitanzi kifupi cha E na T. Usiifute, ya 4 ikigoma utairudia.