SOMO: Jinsi ya kulinganisha nafasi na siti za gari za familia kabla hujalipa

Habari wadau. Kila siku naona watu wanaulizana gari gani ina nafasi na majibu yanakuwa ya ushabiki tu, mtu anakwambia chukua hii ni kubwa, ukimuuliza kubwa wapi anakuonyesha boneti. Mimi mwenyewe nilishaingia mkenge. Gari niliyonunua baada ya kupata mtoto wa pili niliijaribu nikiwa kwenye usukani, nikazunguka nayo robo saa nikaona raha mustarehe, nikalipa. Safari ya kwanza ya saa sita wife akakaa nyuma na watoto, tulivyofika hakunisemesha mpaka kesho yake, kumbe magoti yake yalikuwa yanasugua mgongo wa siti yangu njia nzima.

Beba tepu ya kupimia, vaa viatu vyako vya kila siku, na kama una kiti cha mtoto nenda nacho. Familia nayo nenda nayo, usiende na fundi peke yake, fundi ataangalia injini tu.

Hatua ya 1: Sahau umbo la nje
Chukua Toyota Prado toleo la J150 na Toyota Noah toleo lililoanza kutoka 2014. Ukiziweka pamoja kila mtu atasema Prado ndo kubwa. Sasa pima kutoka katikati ya tairi la mbele mpaka katikati ya la nyuma, maana hapo ndipo abiria wengi wanapokaa: Prado ni milimita 2,790, Noah ni 2,850. Noah boneti ni fupi na sakafu iko chini, wakati Prado imekaa juu ya chesisi na nyuma kuna ekseli nzima (chuma kinachounganisha tairi mbili za nyuma) inayohitaji nafasi ya kupanda na kushuka, kwa hiyo sakafu ya siti za mwisho inabidi iwe juu na mtu mzima akikaa pale magoti yanamsogelea kifua. Prado sio gari mbaya jamani, kwenye matope utaililia. Ila kwa kukalisha watu saba wakafika wakiwa wanaongea vizuri, Noah inaiacha mbali.

Na udogo nao unadanganya. Honda Fit tenki la mafuta limewekwa chini ya siti za mbele, ndo maana nyuma unaweza kuinua sehemu ya kukalia ikasimama na ukapata uwazi wa kuingiza kitu kirefu kimesimama wima.

Hatua ya 2: Kaa nyuma yako mwenyewe
Hii ndo hatua kubwa kuliko zote, nisingeiruka ningekuwa na amani nyumbani. Rekebisha siti ya dereva kama unavyoendesha kweli, shuka bila kuigusa, nenda kakae nyuma yake hapohapo. Ngumi yako ikipita kati ya goti na mgongo wa siti, sawa. Halafu ingiza miguu chini ya siti ya mbele, kuna gari ukishusha siti ya dereva mpaka mwisho mguu hauingii kabisa na hapo hata kama goti lina nafasi utachoka tu.

Namba za kwenye brosha usizibebe kama zilivyo. Nafasi ya miguu ya mbele kawaida inapimwa siti ikiwa imesukumwa nyuma, na ya nyuma inategemea siti ya mbele waliiweka wapi. Kwa hiyo gari ya kampuni A na ya kampuni B unaweza kuta namba zimelingana na ukikaa hazifanani hata kidogo, tepu yako mwenyewe haikudanganyi.

Hatua ya 3: Siti yenyewe
Siti laini sana ni mtego. Dakika mbili za kwanza unaona kama sofa, baada ya saa nzima kiuno kinakuuliza maswali. Kaa dakika 20 hata kama muuzaji ananuna. Angalia paja, linatakiwa lishikwe karibu lote, kati ya ukingo wa siti na nyuma ya goti ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu hivi. Siti ikiwa fupi au ikiwa imekaribia sakafu, mapaja yananing'inia na uzito wote unaenda kwenye makalio. Siti nyingi za nyuma zina ugonjwa huu kwa sababu zimetengenezwa ziweze kulala.

Kwa gari iliyotumika, bonyeza sponji ya dereva kisha ya abiria wa mbele, tofauti ikiwa kubwa ujue ile ya dereva imeshakufa.

Hatua ya 4: Mtu wa katikati
Mtoe kafara mtu mzima mmoja akae katikati. Gari inayovuta tairi za nyuma au zote nne mara nyingi ina mgongo kwenye sakafu, miguu inabidi ikae pande mbili kama umepanda punda. Za umeme sakafu iko flati ila betri iko chini yake, kwa hiyo nyingine sakafu imeinuka na magoti yanapanda. Hakikisha pia ana mkanda unaopita begani na kiegemezi cha kichwa.

Hatua ya 5: Kichwa
Kaa wima, kiganja kipite juu ya kichwa. Gari yenye kioo kwenye paa pima upya, fremu yake inakula sentimita kadhaa.

Hatua ya 6: Siti za mwisho
Kama unanunua siti saba anza kukagua huku. Ingia mwenyewe mpaka nyuma, usiambiwe. Toyota Wish ni gari nzuri ila paa ni la chini, siti zile ni za watoto. Zikiwa zimesimama fungua buti uone mabegi yatakaa wapi.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu nina watoto watatu wote wa viti vya watoto, gari gani itabeba mstari mmoja?
Jibu: Pima upana wa viti vyako kwanza ndo utafute gari. ISOFIX (vile vyuma vya kiwandani vya kufungia kiti cha mtoto) kwa kawaida ziko pembeni mbili tu, cha katikati kitafungwa kwa mkanda. Na kile cha kuangalia nyuma usikiweke mbele penye eabegi inayofanya kazi.

Swali: Mama yangu magoti yanamsumbua, nimchukulie ya juu si ndio?
Jibu: Sio juu sana bro. Siti iwe usawa wa nyonga zake, asipande wala asizame. Mlango wa kuteleza pembeni, kama wa Noah, utamsaidia sana. Nenda naye mama mwenyewe.

Swali: Ngozi au kitambaa?
Jibu: Ngozi inafutika uji ukimwagika, ila ina joto juani na inateleza. Mimi kitambaa.

Swali: Mwanangu akikaa siti ya mwisho anatapika, shida ni siti?
Jibu: Kule mwisho yuko juu ya ekseli ya nyuma au nyuma yake, anarushwa zaidi, na kadirisha kenyewe kadogo haoni mbele. Mlete safu ya pili aone barabara, na simu mnyang'anye.