Makuchu katika idara ya hisabati: namna ya kuanzisha meza yenu na kuilinda

Nafundisha hisabati katika chuo kimoja kusini mwa Ontario, Kanada, na nimekulia Mombasa. Wanafunzi wanaoongea Kiswahili waliotawanyika vyuo vya huku huniandikia wakiuliza jambo lile lile: nimefika idarani, mimi ni kuchu, sijui kama yupo mwingine. Nianzie wapi? Kuchu hapa ni mtu yeyote wa LGBTQ: shoga, msagaji, mpenda jinsia zote mbili, au anayejitambua kwa jinsia tofauti na aliyoandikiwa akizaliwa.

Anzia kwenye chai. Idara nyingi za hisabati zina saa ya chai kabla ya mhadhara wa wiki. Pale ubaoni, kikombe mkononi, ndipo mtu hupata mshirika wa utafiti, husikia nani anatafuta mwanafunzi, hujua mtihani wa kufuzu una mitego gani. Mwenzako akisema alivyoshinda Jumapili na mkewe, nawe ukameza maneno kwa sababu ulishinda na mwanamume mwenzako, unaanza kukwepa ile chai. Ukiikwepa muhula hadi muhula, unakosa hisabati yenyewe, si soga peke yake. Kwa hiyo sikubaliani kabisa na wanaosema teoremu haina jinsia wala mapenzi, basi mambo haya yabaki nje ya idara. Anayeithibitisha teoremu ni mtu, na anahitaji wa kumwonyesha uthibitisho uliomvunjikia mkononi.

Kisha anzisheni meza yenu wenyewe, kikao cha makuchu wa idara. Chagueni siku moja, saa moja, chumba kimoja, msibadilishe muhula mzima. Mkija wawili, kaeni wawili. Chumba kiwe na ubao na kisiwe kile cha ukuta wa kioo kinachotazama ukumbini. Tangazo liseme makuchu na marafiki zao wanakaribishwa; anayeogopa ataingia kama rafiki, na hakuna atakayemhoji. Msiweke karatasi ya kujiandikisha. Idara ikidai mahudhurio ndipo itoe pesa za vitafunio, wapeni idadi, majina hapana. Na msifanye kikao baa. Wengine hawanywi kwa dini zao, wengine hawana pesa, wengine walishaacha pombe na wanapigana kukaa mbali nayo.

Tangazo litiwe saini na mtu mwenye ajira ya kudumu. Mwanafunzi wa uzamivu anategemea barua za mapendekezo, mhadhiri wa mkataba anasubiri kuongezewa mwaka. Hao wasitangulizwe mbele. Nilipopata ajira ya kudumu niliweka jina langu na namba ya ofisi yangu chini ya tangazo, na wanafunzi wakaanza kubisha hodi, wengine wakijifanya wamekuja kuuliza habari za matrisi. Wakaribishe hivyo hivyo. Jibu swali la matrisi kwanza.

Sasa kuonekana. Hapa ndipo watu wenye nia njema huumiza wenzao. Spectra, chama cha wanahisabati wa LGBTQ, huchapisha orodha ya waliokubali wenyewe kutajwa hadharani. Ni orodha yenye faida kubwa, maana kijana akiona jina la mtu ambaye makala yake aliisoma wiki iliyopita, anajua kazi hii inawezekana kwake. Lakini kila jina liliwekwa na mwenyewe. Fuateni kanuni hiyo katika kila kitu. Kukubali kujulikana mezani si kukubali kutajwa kwenye tovuti ya idara, na kutajwa si kupigwa picha. Ulizeni kila mara, upya, faraghani, si mbele ya kamera iliyokwisha kuinuliwa.

Wazungu wa idarani mara nyingi hawaelewi kwa nini tunasisitiza hivi, basi waelezeni waziwazi. Kenya, kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinaweza kumfunga mtu hadi miaka 14 kwa mapenzi ya jinsia moja, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Tanzania adhabu hufika kifungo cha maisha. Sheria ya Uganda ya 2023 ina hata adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Mwanafunzi wenu atarudi likizo, viza yake itaisha, mama yake ana simu. Picha moja ya chakula cha mchana inamfikia shangazi Kisauni kabla sahani hazijaoshwa.

Mikutano ya kitaaluma nayo ina kazi yake. Waandikieni waandaaji mapema: beji ibebe jina ambalo mtu amejiandikia, si la pasipoti, choo cha kila mtu kiwe jengo lile lile la mihadhara, wanafunzi wasigawiwe vyumba vya kulala bila kuulizwa. Na swali la nchi au mji wa mkutano lina historia. Mwaka 1992 wapiga kura wa Colorado, Marekani, walipitisha marekebisho ya katiba ya jimbo yaliyozuia sheria za kuwalinda mashoga na wasagaji dhidi ya ubaguzi. Vyama vya hisabati vya Marekani vikauhamisha mkutano wao mkubwa wa Januari 1995 kutoka Denver, jiji la Colorado, kwenda San Francisco, na mizizi ya Spectra iko kwenye mkutano huo. Mahakama ya Juu ya Marekani iliyabatilisha marekebisho hayo mwaka 1996. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba wanahisabati hawagusi mambo haya, mpe kisa cha Denver.

Kwa wanaojitambua kwa jinsia tofauti na waliyoandikiwa wakizaliwa, jina kwenye makala ni riziki. Wasaidieni kufungua ORCID, namba ya kudumu ya utambulisho wa mtafiti, mapema, ili kazi zifuate namba hata jina likibadilika. arXiv, hifadhi ya mtandaoni ya makala za utafiti, na wachapishaji wengi sasa wana utaratibu wa kubadilisha jina kwenye makala za zamani. Ni fomu na barua pepe nyingi zinazochosha. Kaeni naye mzijaze pamoja.

Tarehe 18 Novemba, siku ya watu wa LGBTQ katika sayansi, mwalikeni kuchu mwanahisabati aje afundishe hisabati. Saa nzima ya utafiti wake, kisha chakula. Msimwite aje kusimulia maumivu tu. Alan Turing, mwanahisabati Mwingereza, tumsimulie: makala ya 1936 iliyoweka msingi wa nadharia ya kompyuta, hukumu ya 1952 kwa uhusiano wake na mwanamume na homoni alizolazimishwa kutumia, kifo cha 1954, msamaha uliokuja 2013. Lakini tukiishia kwake, kijana atadhani kuchu wa hisabati lazima aangamizwe. Mimi huwapa wanafunzi wangu pia Mark Goresky na Robert MacPherson, wenza wa maisha, walioivumbua miaka ya 1970 homolojia ya makutano (intersection homology), nadharia ya topolojia, na kutuzwa kwa ajili yake Tuzo ya Steele ya Chama cha Hisabati cha Marekani mwaka 2002. Wameishi pamoja, wameandika pamoja. Kijana wangu mmoja wa topolojia alinyamaza kidogo, kisha akaomba makala yao.

Mwisho, wapo walio Dodoma, Kampala, Eldoret, ambao hawawezi kukaa meza yoyote. Wafungulieni kikundi cha kusoma mtandaoni chenye jina la kawaida kabisa, nadharia ya grafu kwa mfano, na kiwe kweli cha nadharia ya grafu. Kamera zizimwe kwa wote, siyo kwa wachache, majina ya kubuni yaruhusiwe, chochote kisirekodiwe. Tumeni maswali siku mbili kabla, kwa faili nyepesi, maana bando ni ghali. Anayetaka kuzungumza mengine atakutafuta mwenyewe; ukiona ujumbe wake, jibu siku hiyo hiyo.